Kumtafuta Babu Aliyebadili Jina: Zoezi la Vyanzo vya Historia

Mtahiniwa, mada ya vyanzo vya historia ni ya kwanza kufundishwa na ya kwanza kusahauliwa. Wengi hukariri orodha: masimulizi, maandishi, akiolojia, isimu, makumbusho. Kisha hukariri faida tatu na hasara tatu za kila chanzo, na kuhamia mada nyingine. Likija swali linalokutaka uvitumie vyanzo hivyo badala ya kuvitaja, kalamu inasimama. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya swali la aina hiyo.

Soma swali hili kabla ya kuendelea:

*Familia moja inatumia jina la ukoo ambalo wazee wa sehemu walikotoka hawalitambui kuwa la ukoo huo. Kwa kutumia hoja sita, eleza jinsi utakavyotumia vyanzo vya historia kubaini asili ya jina hilo.*

Usijibu sasa. Tutalirudia mwishoni, na nina hakika jibu lako litakuwa tofauti na lile unalolifikiria dakika hii.

Jina la ukoo hapa kwetu

Anza na jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, jina la mwisho halikuwa likirithiwa kizazi hadi kizazi kama ilivyo Ulaya. Mtoto alipewa jina lake, likafuatiwa na jina la baba, kisha la babu. Mtoto wake naye akianza upya, jina la babu wa zamani linaanguka na jipya linaingia. Pwani walitumia *bin* na *binti*, na mnyororo huo uliweza kurudi nyuma vizazi vitano au sita kwa mtu anayejua nasaba yake. Bara, jamii nyingi zilikuwa na majina ya koo, lakini hayakutumika kila siku kumwita mtu; yalitajwa kwenye posa, kwenye misiba, na kwenye ugomvi wa mashamba.

Fomu ndizo zilizoleta tatizo. Shule, misheni, bomani na kambini walitaka jina moja la mwisho, na walilitaka palepale. Baba mmoja aliandika jina la babu yake, ndugu yake akaandika jina la ukoo, wa tatu akaandika jina la utani alilolizoea. Ndiyo maana leo unaweza kukuta watoto wa ndugu watatu wa tumbo moja wenye majina ya mwisho matatu tofauti, na hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo, unapomtafuta mtu wa zamani, usifuate jina peke yake. Jina ni kamba nyembamba. Mfuate mtu kwa mambo yanayomzunguka: kijiji, umri, majina ya wazazi, mke au mume, kazi, mashahidi, mwaka. Jina likibadilika, hayo mengine mara nyingi hubaki.

Nani alishika kalamu?

Kila hati iliandikwa na mtu fulani kwa kusudi fulani. Karani wa kodi alitaka fedha. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendeleza kodi za nyumba na za kichwa. Katika karatasi zao utamkuta mwanamume mtu mzima, kijiji chake na jumbe wake, lakini mke na watoto huwaoni. Karani wa shamba la mkonge alitaka nguvu kazi, hivyo aliandika siku ulizofanya kazi, na hakusumbuka kuuliza mama yako anaitwa nani. Padri naye alitaka kujua kama umebatizwa, wapi, na kama huna mke mwingine. Yeye aliuliza majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo.

Kila mmoja alikuwa makini kwa lile lililomhusu na mzembe kwa mengine. Ukilishika hili, umeshika nusu ya mada. Stakabadhi ya kodi ni ushahidi mzuri kwamba kodi ililipwa kwa jina fulani, mwaka fulani, mahali fulani. Lakini stakabadhi hiyo haithibitishi kwamba aliyeibeba ndiye mwenye jina. Tutaona sasa hivi kwa nini nasisitiza jambo hili.

Mfano wa kwanza: Salme

Mfano unaojulikana sana ni wa Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Kwa utaratibu wa kwao aliitwa Salme binti Said. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Tangu hapo hati za Hamburg zinamtambua kama Emily Ruete.

Fikiria sasa mtafiti anayeijua Unguja tu. Akitafuta "binti Said" katika daftari za Hamburg hatapata kitu, na anaweza kuandika kwamba Salme alipotea mwaka 1866. Na mtafiti wa Hamburg anayeanzia kwa Emily Ruete atadhani mwanamke huyu hakuwapo kabla ya mwaka 1867. Kiungo kati ya watu hawa wawili ambao ni mtu mmoja kipo Aden, mahali jina lilipobadilika. Kipo pia katika kitabu cha kumbukumbu alichokichapisha mwenyewe kwa Kijerumani mwaka 1886, ambamo anaeleza maisha yake ya pande zote mbili.

Angalia na mwanawe. Rudolph baadaye alijiita Said-Ruete, yaani alilirudisha jina la babu yake mzaa mama na kuliunganisha na la baba. Mwaka 1929 alichapisha kitabu kuhusu huyo babu, Sayyid Said. Kwa hiyo familia moja, katika vizazi vitatu, ina mifumo mitatu ya majina: bin Sultan, Ruete, Said-Ruete. Mtahiniwa akiutumia mfano huu katika jibu lake, asimulie mabadiliko ya jina na mahali yalipotokea. Maisha yote ya kifalme hayakuulizwa.

Mfano wa pili: waliokombolewa utumwani

Salme alikuwa binti wa sultani, na habari zake ziliandikwa. Wengi walioyapoteza majina yao hawakuandikiwa kitabu.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba alioukubali Sultani Barghash. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyokuwa yakisafirisha watumwa kwa siri, na watu waliokombolewa walihitaji mahali pa kuishi. Ndipo mwaka 1875 makazi ya Frere Town yakaanzishwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mahali pale leo panaitwa Kengeleni, na kengele bado ipo. Bagamoyo, wamisionari Wakatoliki waliofika mwaka 1868 walikuwa tayari wamefungua kijiji cha waliokombolewa. Unguja kulikuwa na makazi ya Mbweni chini ya misheni ya Kianglikana.

Katika makazi haya watu walibatizwa na kupewa majina mapya. Wengine walipata hata majina ya mwisho ya Kiingereza. Mmoja wa waliousindikiza mwili wa David Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874 aliitwa Jacob Wainwright. Ukilisoma jina hilo peke yake hutajua kwamba alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni kule Nasik, India.

Kwa watu kama hawa, daftari la misheni huwa ndilo karatasi ya kwanza ya maisha yao. Linaweza kuandika "Mnyasa" au "Myao" kama asili ya mtoto, nawe ukafurahi kwamba umepata kabila. Uwe mwangalifu. "Mnyasa" lilikuwa neno la jumla kwa watu waliotoka pande za Ziwa Nyasa. Halikutaja ukoo, wala kijiji, wala wakati mwingine lugha sahihi. Mtoto aliyeshushwa kutoka jahazini akiwa na miaka saba alisema alichokikumbuka, mkalimani akasikia alichokisikia, na mwandishi akaandika alichoelewa.

Hapo masimulizi ndiyo yanayookoa. James Juma Mbotela, aliyekulia katika jamii ya Frere Town, aliandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka 1934, akitegemea habari za wazazi na wazee waliopitia utumwani. Jina Mbotela lenyewe ni la baba yake. Familia hiyo ililishika jina la Kiafrika katikati ya majirani wengi wenye majina ya kigeni, na kwa sababu hiyo njia ya kurudi nyuma haikufungika kabisa. Jirani aliyeandikishwa kwa jina la mfadhili hakuiacha njia hiyo.

Mfano wa tatu: kikao cha posa

Mfano huu ni wa familia yangu. Nimeutumia darasani miaka kadhaa, na wanafunzi huukumbuka kuliko hiyo miwili ya juu. Majina sitayaandika, kwa kuwa baadhi ya wahusika wako hai. Jina tulilokua nalo nitaliita jina A. Lililopatikana baadaye nitaliita jina B.

Kaka yangu mkubwa alipotaka kuoa, mshenga alipeleka barua kwa familia moja iliyotoka Songea kama sisi, ikaishi Tanga kama sisi. Barua ilirudi pamoja na ujumbe mfupi: wazee wameona jina A, na A ni ukoo wa mama yetu mkubwa na wa baba zetu, kijana huyu ni ndugu wa binti, hawezi kumwoa. Baba alishangaa. Alijua babu alitoka Songea kuja kukata mkonge, lakini hakuwahi kuwafahamu ndugu zake wala kupelekwa kwao. Babu alifariki mwaka 1989 bila kueleza. Bibi naye alikuwa amekwisha kufariki. Wazee wa upande wa binti walitupa muda: leteni maelezo ya ukoo wenu, au posa ife.

Tulianza na sanduku la bati la babu. Ndani yake kulikuwa na stakabadhi ya kodi ya mwaka 1950, yenye jina A, kijiji na jina la jumbe. Kulikuwa pia na karatasi ya mkataba wa kazi ya mwaka 1951: jina A, umri miaka 24. Vijana wa wakati ule waliandikishwa makwao na kusafirishwa hadi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri kilichojulikana kama SILABU. Wafanyakazi hao tuliwaita manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba, na kazi yake ilihesabiwa kwenye kadi ya kipande yenye siku 30.

Karatasi mbili, jina moja, kijiji kimoja. Ushahidi ulionekana kumaliza mambo: sisi ni ukoo A, posa imekufa.

Lakini kaburi la babu limeandikwa alizaliwa mwaka 1933. Mtu aliyezaliwa mwaka 1933 hawezi kuwa na miaka 24 mwaka 1951. Angekuwa na 18. Hapa mtahiniwa mwenye pupa angesema hati imedanganya. Subiri. Mwaka wa kwenye kaburi uliandikwa na wanawe, na wao waliusikia kwa mdomo. Kati ya hati ya wakati ule na kumbukumbu ya watoto, kwa kawaida tunaipa hati uzito zaidi. Kwa hiyo tofauti hii haikuthibitisha kitu. Ilituambia tu kwamba kuna swali.

Shangazi ndiye aliyetupa neno la pili. Alisema bibi akikasirika alikuwa akimwita babu kwa jina jingine. Watoto walidhani ni jina la utani. Alilikumbuka vizuri, kwa sababu likitajwa tu babu alinyamaza.

Tukaenda parokia walikofungia ndoa. Tulitafuta jina A katika kitabu cha ndoa, kuanzia mwaka 1951 hadi 1958. Hakuna. Katekista aliyetusaidia alikuwa mzee mtaratibu, akauliza, "Bibi yenu aliitwa nani?" Hatukuwa tumefikiria hilo. Tulilitafuta jina la bibi na la baba yake, tukalipata ndani ya robo saa: mwaka 1955. Bwana harusi aliandikwa kwa jina la ubatizo ambalo bibi alikuwa akilitaja akiwa na hasira, na jina la baba B. Mmoja wa mashahidi alikuwa nyapara jirani yao kambini, mtu ambaye baba anamkumbuka.

Zingatia hatua hii, kwa sababu ni hoja nzima ya kujipatia alama. Mume alibadili jina, mke hakubadili. Ukimkosa mtu katika daftari, mtafute kupitia kwa yule aliyesimama karibu naye.

Bado mtu angeweza kusema bibi aliolewa mara mbili: kwanza na B, kisha na A. Na kweli, mjomba mmoja alisema hivyo, nyumba ikawa kimya. Ilibidi kupata hati itakayowaunganisha A na B. Kitabu cha ndoa kilitaja parokia ya Songea alikobatiziwa bwana harusi. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, mtu akifunga ndoa mbali na parokia ya ubatizo wake, taarifa hupelekwa kule, na ndoa huandikwa pembeni ya mstari wa ubatizo wake. Padri hufanya hivyo ili mtu asioe tena kwingine akijifanya hana mke. Hakufanya kwa ajili ya wanahistoria, lakini ametusaidia kuliko karani yeyote.

Baba alisafiri hadi Songea. Kitabu cha ubatizo cha mwaka 1933 kilikuwapo. Mtoto, jina lake, baba B, mama fulani, kijiji kilekile kilichotajwa katika stakabadhi ya kodi. Na pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine: ameoa Tanga, 1955, jina la bibi. Kwa hiyo mwaka wa kwenye kaburi ulikuwa sahihi. Umri wa miaka 24 ulikuwa wa mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine alikuwa nani? Hapa maandishi yaliishia, na dada mdogo wa babu akaanzia. Alikuwa hai, mzee sana, anayeona kwa shida. Alieleza kwamba babu akiwa na miaka kumi na saba alitaka kwenda Tanga, lakini hakuwa na stakabadhi ya kodi na mwandikishaji alimkataa kwa kuwa mdogo. Akachukua stakabadhi ya kaka yake, mtoto wa mama yake mkubwa, ambaye baba yake alikuwa wa ukoo A. Akaandikishwa kwa jina la kaka huyo na umri wa kaka huyo. Hakuomba, aliichukua usiku.

Mwezi uliofuata tarishi wa jumbe alipita kukagua kodi. Kaka hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Alilipa mara ya pili, na ili alipe iliuzwa mbuzi jike mwenye mimba. Bibi yule alimtaja mbuzi huyo kwa rangi yake. Babu hakuwahi kurudi nyumbani, na kwao waliamua kwamba ni kwa sababu ya aibu ya mbuzi.

Sasa pima ushahidi mwenyewe. Kitabu cha ubatizo kinathibitisha kwamba B ndiye babu. Stakabadhi ya kodi na mkataba vinathibitisha kwamba alitumia jina A na umri usio wake. Simulizi ya dada yake inaeleza kwa nini. Kuhusu usiku ule na mbuzi yule tuna simulizi peke yake, nasi tunapaswa kusema hivyo: *kwa mujibu wa masimulizi*. Lakini simulizi hiyo inakubaliana na hati katika kila jambo ambalo hati inaligusa: kijiji, jina la mwenye stakabadhi, tofauti ya umri. Na familia ya ukoo A, walipoulizwa peke yao bila sisi kuwapo, walimtaja mbuzi kabla hawajaulizwa.

Wazee walikaa tena. Waliona kwamba kijana si wa ukoo A kwa baba, posa ikaendelea. Walitoa sharti moja tu, mbuzi jike arudishwe kwa wajukuu wa yule kaka kabla ya mahari kupokelewa. Baba alimnunua Songea, hakutaka kutuma fedha.

Vyeti vyetu vyote vina jina A, na tumeviacha hivyo. Mtoto wa kwanza wa kaka yangu ameandikishwa kwa jina B. Hapo niseme neno pembeni kwa ajili yako wewe unayesajiliwa kufanya mtihani: ukigundua jambo la namna hii katika familia yako mwaka huu, usibadili jina lako mwenyewe kwenye fomu za shule. Majina ya cheti cha kuzaliwa na ya usajili wa mtihani yanapaswa kufanana. Kubadili jina kuna utaratibu wake wa kisheria, kwa hati iliyosajiliwa, na unaweza kusubiri hadi umalize.

Makosa yanayowapotezea watahiniwa alama

Kosa la kawaida ni kusema "masimulizi hayaaminiki kwa sababu yanabadilika". Hilo ni nusu ya ukweli. Katika mfano wa tatu hati ndizo zilizosema uongo, tena hati halisi, za wakati wake, zenye muhuri. Kuwa chanzo cha awali si sawa na kuwa chanzo cha kweli.

Kosa jingine ni tahajia. Mtahiniwa anaona majina mawili yanayotofautiana herufi moja na kuhitimisha ni watu wawili. Makarani Wajerumani, Waingereza na wale waliozoea herufi za Kiarabu waliandika sauti ileile kwa namna tofauti. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, utamkuta kama Hamed na Hamad, Tippu Tip na Tippoo Tib, na wote ni mtu mmoja. Kinyume chake pia ni hatari: majina kama Juma, Hamisi na Maria yalikuwa ya maelfu ya watu. Jina kufanana si ushahidi wa mtu kuwa yuleyule hadi mambo mengine mawili au matatu yafanane pia.

Kuhusu mahali pa kutafuta, taja sehemu mahususi. "Nitaenda maktaba" ni jibu dhaifu. Nyaraka za Taifa zilizopo Dar es Salaam, Nyaraka za Zanzibar, na Nyaraka za Taifa za Kenya jijini Nairobi zina majalada ya serikali za kikoloni. Parokia na misheni zina vitabu vya ubatizo na ndoa. Shule kongwe zina daftari za uandikishaji. Kwa Waislamu wa pwani, hati za kadhi, za talaka, mirathi na mauzo ya mashamba, mara nyingi hutaja nasaba ndefu kuliko daftari lolote la serikali. Na usidharau sanduku la bati.

Namna ya kuandika jibu

Rudi kwenye swali la mwanzo. Utangulizi wako ueleze kwa sentensi mbili au tatu kwa nini majina ya ukoo yalibadilika hapa kwetu: mifumo ya kurithi majina, ukombozi wa watumwa, kodi, kazi za mashambani, ubatizo. Kisha hoja sita, kila moja katika aya yake, na kila moja iwe na chanzo, jambo unalolitafuta ndani yake, na udhaifu wake. Mfano wa aya moja:

*Mtafiti atatumia vitabu vya ndoa vya misheni. Ndani yake atatafuta jina la mke, mashahidi na mahali alikobatiziwa mume, kwa kuwa mambo haya hayabadiliki hata kama mume amebadili jina. Udhaifu wa chanzo hiki ni kwamba kinawahusu waumini wa dini hiyo pekee, na baadhi ya vitabu vimeharibika.*

Hiyo ni hoja kamili. Haina maneno mengi. Hoja nyingine tano unazo tayari katika sura hii, zitafute.

Maswali ya kujipima

1. Stakabadhi ya kodi ya mwaka 1950 inathibitisha nini, na haithibitishi nini? Jibu kwa kutumia mfano wa tatu.

2. Kwa nini mahali ambapo jina lilibadilika ni muhimu kuliko jina lenyewe? Tumia habari za Salme.

3. "Daftari la misheni linamtaja mtoto kuwa Mnyasa." Toa sababu mbili zinazomfanya mtafiti asitegemee neno hilo peke yake.

4. Mjomba katika mfano wa tatu alidai kwamba bibi aliolewa na wanaume wawili. Ni hati gani iliyoliondoa dai hilo? Je, ingekuwa haipo, ungetumia nini?

5. Zoezi la nyumbani: waulize wazee wawili wa familia yako, kila mmoja peke yake, asili ya jina lako la mwisho. Andika majibu yote mawili kama yalivyotolewa. Yakitofautiana, usichague moja; tafuta hati moja, hata cheti cha ubatizo au kadi ya zamani ya kazi, inayogusa jambo wanalotofautiana.